Tabia Asimptoti na Vikomo vya Umajumui vya Polinomia Othogonali: Ufafanuzi wa Hoja ya Lubinsky

Ikisiri

Polinomia othogonali zinazotokana na vipimo tofauti hazifanani zikitazamwa moja moja. Hata hivyo, zikikuzwa kwa kiasi kinachofaa karibu na nukta moja ya ndani, viini vyake huelekea kwenye kikomo kimoja, yaani kiini cha sini. Makala hii inafafanua chanzo cha hali hiyo. Msisitizo umewekwa kwenye hoja fupi aliyoitoa Doron Lubinsky mwaka 2009, ambayo iliondoa sharti la ulaini wa uzito lililotawala tafiti zilizotangulia. Aidha, makala inatenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: mpangilio wa mizizi ya polinomia na mpangilio wa thamani eigeni za matriksi nasibu.

Maneno msingi: polinomia othogonali, kiini, kikomo, umajumui, fanksheni ya Christoffel

1.0 Utangulizi

Mwaka 1939 mwanahisabati wa Hungaria Gábor Szegő, aliyekuwa amekwisha kuhamia Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichapisha kitabu Orthogonal Polynomials kupitia American Mathematical Society. Kitabu hicho kiliweka pamoja matokeo ya zaidi ya karne moja, tangu Legendre alipokutana na polinomia zinazobeba jina lake alipokuwa akichunguza nguvu za mvutano za sayari, hadi matokeo ya Szegő mwenyewe. Swali kuu linalokipitia ni hili: ikiwa uzito fulani umetandazwa juu ya kipande cha mstari kutoka −1 hadi 1, polinomia za uzito huo zitakuwa na sura gani digrii yake inapokua bila mwisho?

Swali hilo lina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya kutazama kutoka mbali: ukubwa wa polinomia kwa jumla, na namna mizizi yake inavyotawanyika katika kipande kizima. Sura ya pili ni ya kutazama kwa karibu sana, kwa kukuza eneo dogo lenye upana unaolingana na 1/n kiasi kwamba nafasi kati ya mzizi na mzizi ionekane kuwa na urefu wa kawaida. Sura hii ya pili ndiyo inayohusu umajumui.

Istilahi umajumui inahitaji tahadhari. Msomaji wa Kiswahili ameizoea katika siasa, kwa maana ya Umajumui wa Afrika, na katika isimu, ambako sarufi majumui ni ile inayodaiwa kuwa msingi wa lugha zote. Katika hisabati maana yake ni tofauti kidogo. Haidaiwi kwamba vipimo vyote vina kitu cha pamoja tangu mwanzo. Kinachodaiwa ni kwamba tofauti zao hufifia hatua kwa hatua, na kwamba hufifia tu kwenye kiwango maalumu cha ukuzaji. Kwa kiwango kingine chochote, kila kipimo hubaki na sura yake.

2.0 Dhana za Msingi

Ichukuliwe kuwa μ ni kipimo kilicho juu ya kipande [−1, 1], chenye uzito usio hasi na jumla isiyo ya ukomo wa mbali. Mahali ambapo kipimo hicho kinaweza kuandikwa kwa njia ya fanksheni, fanksheni hiyo itaitwa uzito na kuashiriwa kwa w(x). Polinomia othogonali za μ ni mfuatano p₀, p₁, p₂ na kuendelea, ambapo pₙ ina digrii n na kizidishi chanya γₙ kwenye kipeo chake cha juu kabisa. Integrali ya pₘpₙ dhidi ya μ ni 0 endapo m na n ni tofauti, na ni 1 endapo ni sawa. Uzito ukiwa w(x) = 1 kila mahali, hupatikana polinomia za Legendre, ambazo zitatumika kama mfano katika makala yote.

Sifa moja ya polinomia hizi inastahili kuthibitishwa hapa, kwa kuwa uthibitisho wake ni mfupi na unaonyesha nguvu ya sharti la othogonali. Mizizi yote n ya pₙ ni namba halisi, hakuna unaojirudia, na yote imo ndani ya kipande. Ichukuliwe kinyume chake, kwamba pₙ hubadili alama mara m tu ndani ya kipande, na m ni ndogo kuliko n. Iundwe polinomia q yenye digrii m inayobadili alama katika nukta zilezile. Zao pₙq halibadili alama kabisa, kwa hiyo integrali yake haiwezi kuwa 0. Lakini q, kwa kuwa ina digrii ndogo kuliko n, ni mchanganyiko wa p₀ hadi pₙ₋₁, na othogonali inataka integrali hiyo iwe 0. Mgongano huo unafunga hoja. (Inachukuliwa hapa kwamba kipimo hakijakusanyika kwenye nukta chache zenye idadi ya ukomo.)

Chombo cha pili, ambacho ndicho moyo wa makala hii, ni kiini cha kuzalisha upya:

Kₙ(x, y) = p₀(x)p₀(y) + p₁(x)p₁(y) + … + pₙ₋₁(x)pₙ₋₁(y).

Jina lake linatokana na kazi yake. Polinomia yoyote P yenye digrii ndogo kuliko n, ikizidishwa na Kₙ(x, t) na kufanyiwa integrali kwa t dhidi ya μ, huzalishwa upya: matokeo ni P(x) yenyewe. Kutokana na sifa hiyo na kanuni ya Cauchy na Schwarz, hupatikana kwamba 1/Kₙ(x, x) ni thamani ndogo kuliko zote inayoweza kufikiwa na integrali ya P² miongoni mwa polinomia zenye digrii ndogo kuliko n na zenye P(x) = 1. Thamani hiyo ndogo huitwa fanksheni ya Christoffel.

Maelezo haya ya fanksheni ya Christoffel kama tatizo la kutafuta thamani ndogo kabisa yana faida kubwa kuliko yanavyoonekana. Kipimo kikiongezwa, integrali ya kila P² huongezeka au hubaki ilivyo, hivyo thamani ndogo kabisa nayo haiwezi kupungua, na Kₙ(x, x) haiwezi kuongezeka. Kwa kifupi, kipimo kikubwa kina kiini kidogo kwenye ulalo. Polinomia zenyewe hazina utiifu wa namna hii: kuongeza kipimo kidogo upande mmoja kunaweza kuyumbisha pₙ juu au chini bila utaratibu unaotabirika. Watafiti wengi walishika pₙ kwanza na kuifanya njia ya kufikia Kₙ. Lubinsky aligeuza mpango huo.

3.0 Mtazamo wa Mbali

Matokeo ya mtazamo wa mbali ni mengi na yamepangwa kwa kawaida katika ngazi. Ngazi ya chini hutaka tu kwamba kipeuo cha n cha γₙ kielekee kwenye 2. Vipimo vya namna hiyo juu ya [−1, 1] huitwa vya kawaida, na nadharia yake ilikamilishwa katika kitabu cha Stahl na Totik cha mwaka 1992. Ngazi ya kati huhusu uwiano wa polinomia zinazofuatana, na hapo jina linalotawala ni la Rakhmanov, aliyeonyesha kwamba w kuwa chanya karibu kila mahali kunatosha. Ngazi ya juu, ya Szegő, hutoa fomula kamili ya pₙ yenyewe lakini hutaka logi ya w iwe na integrali kwa namna maalumu.

Kwa mizizi, hata ngazi ya chini inatosha kutoa picha ya jumla. Erdős na Turán walithibitisha mwaka 1940 kwamba w ikiwa chanya karibu kila mahali kwenye [−1, 1], mizizi hutawanyika kwa msongamano wa 1/(π√(1 − x²)), bila kujali w ni ipi. Msongamano huo ni mdogo katikati na mkubwa kwenye kingo. Unaweza kufikiriwa hivi: nukta zilizopangwa kwa nafasi sawa juu ya nusu duara, kisha zikaangushwa wima juu ya kipenyo chake, hurundikana kwenye ncha mbili.

Picha hiyo inakadiria kwamba karibu na 0 mizizi miwili jirani ya polinomia ya digrii n inaachana kwa takriban π/n. Polinomia za Legendre zinaruhusu makadirio hayo kupimwa. Kwa n = 5, mizizi ya kati ni 0 na 0.538469, wakati π/5 ni 0.628319, uwiano ni 0.857. Kwa n = 10, mizizi miwili ya kati ni 0.148874 na kinyume chake, kwa hiyo nafasi ni 0.297749 na uwiano wake na π/10 ni 0.948. Kwa n = 20, nafasi ni 0.153053 na uwiano ni 0.974. Uwiano unaelekea 1, na kila n inapoongezwa maradufu pengo lililobaki hupungua kwa zaidi ya nusu.

Ni muhimu kuona kwamba hesabu hii inadai zaidi ya kile ambacho Erdős na Turán walithibitisha. Msongamano hueleza ni mizizi mingapi imo katika eneo lenye upana usiobadilika. Hausemi lolote kuhusu mzizi mmoja na jirani yake. Mizizi ingeweza kujipanga kwa jozi, miwili ikikaribiana na miwili ikiachana, na msongamano ukabaki uleule. Kuthibitisha kwamba haifanyi hivyo ndiko kunakohitaji mtazamo wa karibu.

4.0 Kikomo cha Sini

Ili kuondoa athari ya ukubwa wa uzito, kiini huzidishwa na vipeuo vya pili vya w(x) na w(y). Kiini hicho kilichosawazishwa kitaashiriwa kwa K*ₙ. Kisha nukta x ya ndani huchaguliwa, na nukta mbili huwekwa karibu nayo, moja kwa umbali wa a/K*ₙ(x, x) na nyingine kwa umbali wa b/K*ₙ(x, x). Kikomo cha umajumui kinasema kwamba thamani ya K*ₙ kwenye nukta hizo mbili, ikigawanywa kwa K*ₙ(x, x), huelekea kwenye

sin π(a − b) / π(a − b).

Upande wa kulia hauna x, hauna w, wala hauna μ. Hiyo ndiyo maana halisi ya umajumui katika muktadha huu.

Kipimio cha ukuzaji chenyewe, yaani K*ₙ(x, x), nacho kina tabia inayojulikana: kikigawanywa kwa n huelekea kwenye ule msongamano 1/(π√(1 − x²)). Katika nukta 0 jambo hili huonekana kwa hesabu ya mkono. Polinomia za Legendre zenye digrii witiri ni 0 katika nukta 0, kwa hiyo ni zile za digrii shufwa tu zinazochangia kwenye Kₙ(0, 0). Michango ya digrii 0, 2, 4, 6 na 8 ni 0.5, 0.625, 0.6328, 0.6348 na 0.6355. Namba hizi zinapanda kuelekea 2/π, ambayo ni 0.6366. Kila digrii mbili zinachangia takriban 2/π, hivyo n huchangia takriban n/π, na ndivyo msongamano unavyotaka pale x inapokuwa 0.

Kwa polinomia za Legendre, kikomo cha sini si kigumu: fomula za asimptoti zinazojulikana tangu karne ya 19 zikiwekwa ndani ya fomula ya Christoffel na Darboux, ambayo hukunja jumla ya vipande n na kubaki na pₙ na pₙ₋₁ pekee, matokeo hupatikana kwa mistari michache. Tatizo ni uzito wa jumla. Njia ileile inahitaji fomula ya pₙ yenye usahihi mkubwa karibu na x, na fomula hizo hupatikana tu uzito ukiwa laini. Kuijlaars na Vanlessen (2002) walipata kikomo cha sini kwa uzito wa Jacobi uliozidishwa na fanksheni chanya ya analitiki, kwa kutumia mbinu ya Riemann na Hilbert. Mbinu hiyo ilikuwa imetokana na uandishi mpya wa polinomia uliobuniwa na Fokas, Its na Kitaev mapema katika miaka ya 1990, na ikaimarishwa na Deift na Zhou pamoja na wenzao. Ni mbinu yenye nguvu sana, lakini sharti lake la analitiki ni zito: uzito uliovunjika kidogo tu mahali pa mbali na x huweza kuizuia, ingawa hakuna sababu ya wazi inayofanya kuvunjika huko kwa mbali kuathiri kinachotokea karibu na x.

5.0 Hoja ya Lubinsky

Doron Lubinsky alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kabla ya kuhamia Georgia Institute of Technology. Makala yake iliyochapishwa katika Annals of Mathematics mwaka 2009 ilionyesha kwamba masharti mawili yanatosha: kipimo kiwe cha kawaida juu ya [−1, 1], na katika kitongoji cha x kiwe na uzito ambao katika x ni chanya na haukatiki. Nje ya kitongoji hicho kipimo kinaweza kuwa na nukta zenye uzito wa peke yake, au sehemu zisizoandikika kwa fanksheni yoyote, mradi ukawaida usiharibike.

Hoja yenyewe inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Viwepo vipimo viwili, μ na ν, na ν iwe kubwa kuliko μ au sawa nayo kila mahali. Viini vyake viashiriwe kwa K na L, na n isiandikwe. Inatafutwa integrali ya mraba wa tofauti K(x, t) − L(x, t) dhidi ya μ. Mraba ukifunguliwa, hupatikana vipande vitatu. Cha kwanza, integrali ya K(x, t)², ni K(x, x) kwa sifa ya kuzalisha upya. Cha pili, integrali ya K(x, t)L(x, t), ni L(x, x) kwa sifa hiyohiyo, kwa kuwa L(x, t) ni polinomia ya t yenye digrii ndogo kuliko n. Cha tatu ni integrali ya L(x, t)² dhidi ya μ. Kipande hiki hakijulikani moja kwa moja, lakini kwa kuwa μ haizidi ν, hakiwezi kuzidi integrali yake dhidi ya ν, ambayo ni L(x, x). Jumla ya vyote haizidi

K(x, x) − 2L(x, x) + L(x, x) = K(x, x) − L(x, x).

Hatua ya mwisho ni kutumia tena maana ya fanksheni ya Christoffel: thamani ya polinomia katika nukta y haizidi kipeuo cha pili cha K(y, y) kikizidishwa na kipeuo cha pili cha integrali ya mraba wake. Kwa hiyo tofauti kati ya K(x, y) na L(x, y), ikigawanywa kwa K(x, x), haizidi

√(K(y, y)/K(x, x)) × √(1 − L(x, x)/K(x, x)).

Katika fomula hii upande wa kushoto una nukta mbili tofauti, x na y, ilhali upande wa kulia una thamani za ulalo pekee. Kwa maneno mengine, anayejua ulalo anajua nje ya ulalo. Taarifa za ulalo ni rahisi kupatikana, kwa kuwa zinatokana na tatizo la kutafuta thamani ndogo kabisa, na zilikwisha kupatikana: Máté, Nevai na Totik (1991) walikuwa wamethibitisha tabia ya fanksheni za Christoffel kwa vipimo vya jumla sana. Vipande vyote viwili vya hoja vilikuwapo kwa takriban miaka 18 kabla ya kuunganishwa.

Kinachobaki ni kuondoa sharti kwamba kipimo kimoja kizidi kingine. Ichukuliwe μ yenye uzito w usiokatika karibu na x₀, na ichukuliwe namba ndogo ε. Kipimo cha Legendre kilichozidishwa na w(x₀) kiitwe λ. Kiundwe kipimo cha tatu, ν, ambacho ndani ya kitongoji kidogo cha x₀ kina uzito w(x₀) + ε, na nje yake ni jumla ya μ na λ. Kitongoji kikiwa kidogo vya kutosha, ν inazidi μ na inazidi λ pia. Vipimo vyote vitatu ni vya kawaida, na karibu na x₀ uzito wao unatofautiana kwa kiasi kisichozidi 2ε. Kwa hiyo ulalo wa viini vyao unakaribiana, na kwa fomula iliyotangulia viini vyenyewe vinakaribiana: cha μ kinakaribia cha ν, na cha λ kinakaribia cha ν. Cha λ kinajulikana, kwa kuwa ni Legendre. Hivyo cha μ kinajulikana vilevile, ε ikipunguzwa hadi 0.

Hoja hii ina bei yake, na bei hiyo haitajwi mara kwa mara vya kutosha. Kipeuo cha pili kilichomo katika fomula hupoteza usahihi mwingi. Uzito ukitofautiana na w(x₀) kwa asilimia 1 tu, uwiano L/K katika hali mbaya zaidi unakuwa takriban 0.99/1.01, yaani 0.980, kikitolewa kutoka 1 na kufanyiwa kipeuo cha pili, hubaki takriban 0.14. Tofauti ya asilimia 1 katika uzito inatoa dhamana ya asilimia 14 katika kiini. Kwa hiyo hoja inathibitisha kwamba kikomo kipo lakini haisemi mengi kuhusu kasi ya kukifikia. Mbinu ya Riemann na Hilbert hutoa kasi hiyo pamoja na vipande vya ziada vya fomula, kwa vipimo vichache. Mijadala inayoziweka mbinu hizi mbili katika mashindano inakosea lengo, kwa kuwa zinajibu maswali tofauti: moja inauliza ni kwa vipimo gani, nyingine inauliza kwa usahihi gani.

6.0 Mizizi na Thamani Eigeni

Kiini cha sini kinafahamika zaidi nje ya nadharia ya polinomia, hususan katika fizikia. Katika miaka ya 1950 Eugene Wigner alipendekeza kwamba viwango vya nishati vya nyuklia nzito vichunguzwe kama thamani eigeni za matriksi kubwa za nasibu. Baadaye Gaudin, Mehta na Dyson walionyesha kwamba, kwa aina fulani ya matriksi hizo, uwezekano wa kukuta thamani eigeni katika nukta kadhaa kwa pamoja ni ditaminanti inayoundwa kwa thamani za kiini Kₙ. Hapo ndipo neno umajumui lilipoanzia: wanafizikia walitarajia kwamba sheria ya karibu isitegemee sheria mahsusi iliyotumika kuzalisha matriksi.

Kwa sababu kiini ni kilekile, huonekana katika baadhi ya maandishi dai kwamba mizizi ya polinomia na thamani eigeni hujipanga kwa namna moja. Dai hilo si sahihi, na linahitaji kushughulikiwa kwa makini kwa kuwa linapotosha tafsiri ya matokeo yote yaliyotangulia.

Ichukuliwe ξ kuwa mzizi mmoja wa pₙ. Kwa fomula ya Christoffel na Darboux, Kₙ(ξ, t) ni sawa na pₙ(t) iliyogawanywa kwa t − ξ na kuzidishwa na namba isiyotegemea t. Kwa hiyo mizizi ya Kₙ(ξ, t), kama fanksheni ya t, ni ile mizizi mingine ya pₙ, bila kuongeza wala kupunguza. Lakini kiini hicho, kikikuzwa, huelekea kwenye sin πb / πb, ambayo ni 0 pale b inapokuwa namba nzima isiyo 0, na hapo tu. Kwa vile kikomo kinashika sawasawa katika eneo zima linalozunguka ξ, na kinashika hata kwa namba changamani, mizizi ya karibu na ξ hulazimika kukaa kwenye umbali wa 1, 2, 3 na kuendelea kwa kipimio cha ukuzaji. Nafasi ni sawa, kama alama za dakika kwenye uso wa saa. Watafiti huiita kwa hakika tabia ya saa. Levin na Lubinsky (2008) waliandika hoja hii kwa ukamilifu, na inaeleza zile namba 0.857, 0.948 na 0.974 za sehemu ya tatu.

Thamani eigeni hazifanyi hivyo. Kwa thamani eigeni mbili, ditaminanti hutoa 1 kuondoa mraba wa kiini cha sini. Nukta mbili zikikaribiana, thamani hiyo huelekea 0, yaani thamani eigeni husukumana. Lakini umbali kati yake haujafungwa: mara ni mdogo, mara ni mkubwa, kwa mgawanyo maalumu wa uwezekano. Mfano mashuhuri wa mgawanyo wa namna hiyo nje ya maabara ulitolewa na Krbálek na Šeba mwaka 2000, walipochunguza nafasi za muda kati ya mabasi ya mji wa Cuernavaca nchini Mexico, ambako hakukuwa na ratiba na madereva walijitahidi kutokaribiana mno na basi lililotangulia. Mabasi hayo hayakuwa na mpangilio wa saa. Yangekuwa nao, kusingekuwa na jambo la kuandika. Kiini kimoja, kwa hiyo, kinatoa matokeo mawili kwa sababu kinatumika kwa njia mbili: kwa mizizi, swali ni wapi kiini ni 0, kwa thamani eigeni, mraba wa kiini ni sehemu ya hesabu ya uwezekano.

7.0 Kingo, na Mipaka ya Uzito

Yote yaliyoelezwa yanahusu nukta za ndani. Kwenye kingo, msongamano 1/(π√(1 − x²)) hauna ukomo, na ukuzaji wa kiasi cha n hautoshi. Hutakiwa kiasi cha n². Mizizi ya mwisho ya Legendre inalionyesha hilo: kwa n = 10 umbali kati ya mzizi mkubwa kabisa na 1 ni 0.026093, na kwa n = 20 ni 0.006871, yaani takriban robo, si nusu. Kiini cha kikomo hapo si cha sini bali ni cha Bessel, na hutegemea kipeo ambacho uzito unacho kwenye ukingo. Umajumui wa ukingo ni finyu kidogo kuliko wa ndani: kipimo hubaki na sahihi yake moja, ambayo ni kipeo hicho.

Kuhusu nukta za ndani, masharti ya Lubinsky yaliendelea kulegezwa. Findley, Simon na Totik, katika machapisho ya kati ya mwaka 2008 na 2009, walionyesha kwamba uzito usiokatika unaweza kubadilishwa na sharti la Szegő lililowekwa katika kitongoji tu, mradi kikomo kidaiwe kwa karibu kila x badala ya kila x. Simon na Totik walitoka pia kwenye kipande kimoja na kuingia katika seti za jumla zaidi. Lubinsky mwenyewe alitoa hoja ya pili isiyohitaji kipimo cha kulinganishia. Katika hoja hiyo viini vilivyokuzwa hutazamwa kama fanksheni za namba changamani. Kila kikomo chake hulazimika kuwa fanksheni yenye ukuaji wa kiasi maalumu, na sharti la ulalo likishikilia, kiini pekee kinachoweza kubaki ni cha sini, kwa kuwa ndicho kiini cha kuzalisha upya cha fanksheni hizo. Kutokana na mtazamo huo alipata matokeo ya mwaka 2012 yasiyotaka hata ukawaida: kwa kipimo chochote kilicho ndani ya eneo lenye mipaka, kikomo cha sini hushika popote ambapo w ni chanya, isipokuwa katika seti ambayo urefu wake huelekea 0 n inapokua. Seti hiyo inaweza kuhama kadiri n inavyobadilika, na hapo ndipo tofauti kati ya matokeo haya na kikomo cha nukta kwa nukta ilipo.

Ingetarajiwa kwamba uwepo wa uzito chanya ndio mpaka wa mwisho, na kwamba mahali pasipo na w hapana kiini cha sini. Breuer (2011) alionyesha kwamba mpaka haupo hapo. Aliunda vipimo visivyo na sehemu yoyote inayoandikika kwa uzito, ambavyo hata hivyo viini vyake, vikisawazishwa kwa thamani ya ulalo badala ya w, huelekea kwenye kiini cha sini katika nukta za ndani. Katika vipimo hivyo namba za uhusiano wa kujirudia, zile zinazounganisha pₙ₊₁ na pₙ na pₙ₋₁, hutofautiana na za kawaida kwa kiasi kinachopungua polepole mno, na tofauti hizo zimetawanywa kwa umbali unaokua haraka. Kati ya tofauti moja na inayofuata, polinomia hupata nafasi ndefu ya kutenda kana kwamba kipimo ni laini, na kiini, kwa kuwa ni jumla ya polinomia zote zilizotangulia, hubeba alama ya nafasi hizo ndefu kuliko ya mivunjiko michache iliyomo.